Kulisha tilapia kwenye bwawa la binafsi Bukavu: mwongozo kamili, kuanzia maji hadi mizani

Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mabwawa mengi ya watu wa Bukavu, yale ya Kabare, Miti na mabonde ya Walungu, yamechimbwa juu zaidi ya hapo. Kimo hicho ndicho kinachoamua samaki wako wale kiasi gani, kwa sababu maji ya milimani ni ya baridi na tilapia ni samaki wa joto. Watu wengi huanzia dukani kwa kununua mfuko wa chakula. Mimi ningekuambia uanzie majini, ukiwa na kipimajoto mkononi.

Usishangae ukisoma maelekezo ya nje yanayosema kinyume. Mengi yameandikwa kwa ajili ya trauti, samaki wa mito ya baridi anayestawi kwenye nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi, anayekula wadudu na samaki wenzake, na anayehitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 au zaidi. Tilapia wa kwetu, yule anayeitwa kitaalamu Oreochromis niloticus, ana utumbo mrefu, anakula hata ukijani wa majini, na anapenda nyuzi 26 hadi 30. Ukimlisha kwa kanuni za trauti utatupa pesa mara mbili, kwanza kwa protini asiyoihitaji, pili kwa chakula anachokiacha kioze.

Hatua ya 1: Pima joto la maji

Tafuta kipimajoto cha kioo cha maabara. Kile cha homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35. Kifunge kwenye kamba, kizamishe kiasi cha sentimita 30, kiache dakika mbili, usome. Pima saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, siku kadhaa mfululizo, kisha uchukue wastani wa namba hizo.

Wastani ukiwa 26 au zaidi, tilapia anakula posho yake yote. Kati ya 22 na 25 mpe kama asilimia 70. Kati ya 18 na 21 mpe nusu au chini ya nusu, tena mara moja tu kwa siku. Chini ya 17 usimpe kitu: hata akimeza, tumbo lake halisagi vizuri, na kinachobaki kinageuka kuwa uchafu chini ya bwawa. Ndiyo maana bwawa la Kabare haliwezi kukimbizana na la Uvira, kule kwenye ufuko wa Tanganyika ambako maji ni moto. Jirani yako wa Uvira akikuambia amevuna baada ya miezi sita, mpongeze, lakini wewe jipange kwa miezi minane hadi kumi.

Kuna njia za kuongeza nyuzi moja mbili bila gharama. Mfereji usiingize maji mchana na usiku: bwawa la tilapia linajazwa likishapungua, halipitishwi maji kama la trauti. Kila ndoo ya maji ya kijito unayoiingiza bila sababu inapoza bwawa na kusukuma mbolea yako nje. Kata pia matawi yanayoweka kivuli upande wa mashariki na magharibi. Na kama bado hujachimba, kina cha sentimita 80 hadi mita 1.20 kinatosha.

Hatua ya 2: Lisha bwawa kabla ya kulisha samaki

Chakula cha bei nafuu kuliko vyote kwa tilapia ni ukijani unaoelea majini, viumbe vidogo vya jamii ya mimea na wanyama vinavyozaliwa pale maji yenye mbolea yanapopigwa na jua. Katika bwawa lililorutubishwa vizuri, hicho ndicho kinachompa samaki sehemu kubwa ya protini na vitamini, na chakula chako wewe kinakuwa nyongeza tu. Mwenye bwawa la maji meupe yanayoonyesha sakafu ananunua kila kitu dukani.

Kwa kila eneo la mita 10 kwa 10, weka kilo 5 za samadi kavu ya kuku kwa wiki, au kama kilo 10 za samadi ya ng'ombe. Samadi ya mbuzi, sungura na simbilisi inafaa pia, na kwa wengi wa milimani hiyo ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Usiimwage ovyo katikati. Jenga uzio wa miti kwenye kona, uchukue kama sehemu moja ya kumi ya bwawa, na humo uweke samadi pamoja na majani mabichi, magugu na maganda ya ndizi. Kila baada ya siku mbili tatu likoroge kwa mti ili rutuba itoke. Udongo wa mabonde yetu mara nyingi una tindikali, hasa kama zamani palikuwa na mafunjo. Hapo samadi haifanyi kazi hadi uweke chokaa ya kilimo sakafuni kabla ya kujaza maji.

Kipimo cha ukijani ni mkono wako. Zamisha mkono ulionyooka, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika karibu na kiwiko, bwawa liko sawa. Kikipotea mapema, maji yakiwa bado hayajafika katikati ya kiwiko na kiganja, ukijani umezidi: acha samadi wiki nzima, maana ukijani ule ule unaozalisha hewa mchana unaila usiku. Bado unakiona maji yakiwa yamepita kiwiko? Ongeza samadi.

Lakini kipimo hicho kinadanganya maji yakiwa mekundu. Kati ya Septemba na Mei mvua zinashusha udongo wa vilima vyetu, na bwawa lililo chini ya mteremko linageuka tope ndani ya dakika kumi. Jua halipenyi, ukijani unakufa, na samaki hawakioni chakula unachowatupia. Nimeona watu wakiongeza chakula wakati huo kwa kudhani samaki wana njaa kwa sababu hawaonekani. Dawa ni kuchimba mfereji wa kukinga juu ya bwawa ili maji ya mteremko yapite pembeni, kufunga mlango wa maji kabla ya mvua kubwa, na kupanda majani kwenye kingo. Tope likiwa limeingia tayari, usilishe hadi litulie.

Hatua ya 3: Jua una kilo ngapi za samaki

Posho hupimwa kwa uzito wa samaki walioko majini, na uzito huo huwezi kuukisia ukiwa umesimama ukingoni. Kila mwezi vua samaki 30 kwa wavu mdogo, kutoka sehemu tofauti za bwawa. Waweke kwenye ndoo yenye maji uliyokwisha kuipima, pima tena, toa tofauti, gawa kwa 30. Warudishe haraka. Fanya kazi hiyo asubuhi kabla ya kulisha.

Posho kamili kwa siku, maji yakiwa na joto la kutosha, ni kama hivi: samaki wa gramu 5 hadi 20 apewe asilimia 6 ya uzito wake, wa gramu 20 hadi 50, asilimia 4 hadi 5, wa gramu 50 hadi 100, asilimia 3, wa gramu 100 hadi 200, asilimia 2.5, na zaidi ya hapo, asilimia 2 au pungufu. Kadiri samaki anavyokua, anakula zaidi kwa gramu lakini kidogo zaidi kwa uzito wake. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaongeza kopo kila mwezi kwa mazoea.

Tuchukue bwawa la mita za mraba 200, ulilopandikiza vifaranga 400, yaani wawili kwa kila mita. Baadhi wamekufa, wengine wameliwa na ndege au fisi maji, kwa hiyo hesabu 360. Mizani imetoa wastani wa gramu 60. Hapo una kilo 21.6 za samaki. Asilimia 3 ya hizo ni gramu 648. Maji yako yana nyuzi 23, kwa hiyo unatoa asilimia 70 ya posho hiyo: gramu 450 hivi kwa siku kwa bwawa zima. Wengi wakisikia namba hiyo wanasema ni kidogo mno, kisha wanamwaga kilo mbili.

Ukiona vifaranga vidogo vingi kwenye wavu ilhali ulipandikiza wakubwa, tilapia wamezaana. Hao nao wanakula, na wanakula posho ya wale unaotaka wakue. Watoe, uza kwa mwenye bwawa jipya au wape kuku. Ukiweza, pandikiza madume tu tangu mwanzo, au ongeza kambale wachache wadogo baadaye wawapunguze wale vifaranga. Kambale wasiwe wakubwa kuliko tilapia wako, la sivyo watakula mtaji.

Hatua ya 4: Chagua malighafi za hapa

Chakula cha viwandani kinachoelea ni kizuri, sikipingi, lakini kinatoka mbali, na barabara au mpaka ukifungwa bei inapanda siku hiyo hiyo. Kwa bwawa lenye ukijani, chakula cha kutengeneza mwenyewe chenye protini ya asilimia 28 hivi kinatosha kabisa kwa samaki waliopita gramu 20. Vifaranga wanahitaji 35 au zaidi.

Protini ya mnyama kwetu ni sambaza. Samaki hao wadogo waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ndio mboga ya kila nyumba. Sambaza kavu wana protini ya asilimia 60 hivi. Sioni busara ya kununua sambaza wazuri wa kuliwa na watoto na kuwapa samaki wengine. Tafuta waliovunjika, vichwa na vumbi la chini ya magunia, kwenye soko la Kadutu au kwa wauzaji wa ufukweni. Nusa kwanza. Wenye harufu ya ukungu au mafuta yaliyochacha waache, na wenye mchanga mwingi wachekeche, usije ukalipia mchanga kwa bei ya samaki.

Soya ndiyo uti wa mgongo wa mchanganyiko: karibu asilimia 38 ya protini, na Walungu na Kabare inalimwa. Isitumike mbichi kamwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiua. Ikaange polepole hadi iwe kahawia hafifu na kunukia, au ichemshe dakika 30 kisha uianike. Ikiungua na kuwa nyeusi, umeiua protini yenyewe. Mashudu ya karanga yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya soya, lakini yakiota ukungu ni sumu ya ini, kwa samaki na kwa mlaji.

Pumba ya mpunga wa bonde la Ruzizi ina asilimia 12 hivi kama ni ile laini. Ile yenye makapi ni takataka tu, isugue kati ya vidole, ikikuchoma usiinunue. Pumba ya ngano ina 15. Mahindi yana 9, yanatoa nguvu. Mashudu ya mise, zile kokwa za michikichi, yana 15 hadi 18 lakini nyuzinyuzi ni nyingi, kwa hiyo yasizidi kilo moja katika kumi.

Dreshi, yale mabaki ya nafaka ya kiwanda cha bia, pamoja na mashapo ya mtama wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, vinafaa vikikaushwa. Dreshi kavu ina protini ya asilimia 20 na zaidi. Ikiwa mbichi inachacha ndani ya siku mbili, na wafugaji wa nguruwe watakuwa wameshaiwahi. Ukiipata, ianike siku hiyo hiyo, na isizidi kilo mbili katika kumi. Sombe pia ni nzuri kidogo kidogo: majani ya muhogo yakatwe, yaanikwe juani hadi yakauke kabisa ili sumu yake ipungue, kisha yasagwe. Majani mabichi ya matembele unayotupa majini yataliwa vizuri na aina nyingine ya tilapia, Coptodon rendalli, anayependa mimea. Huyu wetu atayadonoa tu, mengi yatabaki yanaoza.

Hatua ya 5: Changanya, bana, kausha

Kwa kilo 10 za chakula cha wakubwa: sambaza waliosagwa kilo 1.5, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 4, pumba kilo 2.5, unga wa mahindi kilo 1.5, unga wa muhogo nusu kilo. Ukipiga hesabu ya kila kimoja na protini yake utapata karibu asilimia 29. Kwa vifaranga: sambaza kilo 3, soya 4, pumba 2, mahindi nusu, muhogo nusu, nayo inafika 36. Ongeza gramu 50 za chumvi. Vitamini za kuku za dukani, gramu 100, zina maana zaidi pale bwawa lisipokuwa na ukijani.

Saga kila kitu kiwe laini na chekecha. Changanya vikavu kwanza, ukianza na vile vya kiasi kidogo. Unga wa muhogo upikwe peke yake uwe uji mzito, umwage ukiwa moto, kanda hadi donge likishikwa lisipasuke wala lisitoe maji. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama yenye matundu ya milimita 2 au 3, acha tambi zianguke kwenye turubai, zikikauka zivunje. Vifaranga usiwape tambi: wape unga mkavu wa mchanganyiko huo huo.

Shida kubwa ya Bukavu iko kwenye kukausha. Miezi tisa ya mvua si mchezo, na chakula kinachokaukia nje tu huku ndani kibichi kitaota ukungu mfukoni. Anika kwa tabaka jembamba chini ya paa la bati penye upepo, ukigeuza mara kwa mara. Vunja tambi moja: ikikatika kwa mlio, imekauka; ikipinda, bado. Usitengeneze cha zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu soya nzima na sambaza wana mafuta na mafuta yanachacha. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Chakula chenye ukungu kitupwe, hata kuku wasipewe.

Kabla ya kukitumia, tia tambi chache kwenye glasi ya maji. Zikishika umbo dakika kumi au zaidi, sawa. Zikiyeyuka mara moja, ongeza uji wa muhogo kwenye duru ijayo.

Hatua ya 6: Saa na mahali

Usilishe alfajiri. Usiku kucha samaki, ukijani na uchafu wa sakafuni vyote vinavuta hewa ile ile, na kabla jua halijachomoza hewa ya majini iko chini kabisa. Samaki anayesaga chakula anahitaji hewa zaidi. Subiri hadi saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza kazi, na mlo wa pili uwe saa tisa. Wakati wa baridi bakiza huo wa saa tisa peke yake. Vifaranga wapewe mara tatu, kidogo kidogo, katikati ya saa hizo. Siku moja kwa wiki usilishe kabisa. Samaki watamaliza mabaki na kula ukijani. Wengine huchagua Jumapili, na sentineli, yaani mlinzi wa bwawa, naye anapata nafasi ya kwenda kusali.

Chagua sehemu moja na usiihame. Chakula cha nyumbani kinazama, kwa hiyo tengeneza trei: fremu ya mbao ya mita moja kwa moja, chini wavu wa matundu madogo, izamishwe sentimita 40 kwa kamba nne. Bwawa la mita za mraba 200 linatosha trei mbili, ili wakubwa wasiwafukuze wadogo. Mwaga robo ya posho, ngoja waje, ongeza. Baada ya dakika 30 vuta trei juu. Kama imebaki tupu, endelea hivyo. Kukiwa na mabaki, kesho punguza theluthi moja. Bila trei huwezi kujua kama umelisha samaki au umelisha matope.

Hatua ya 7: Siku za kufunga mkono

Samaki wakionekana asubuhi wamejaa juu, midomo nje wakihema, usiwatupie chakula kwa kudhani wanaomba. Wanakosa hewa. Ingiza maji mapya hadi watulie, ondoa samadi iliyoko konani, na usilishe siku hiyo wala ya pili. Harufu ya mayai viza ukikanyaga sakafu, mapovu yanayopanda pale unapolisha, maji ya kijani yaliyogeuka kahawia ghafla: zote ni dalili kwamba chakula na samadi vimezidi. Siku za mawingu mazito mfululizo toa nusu, kwa sababu bila jua ukijani hautengenezi hewa ya kutosha.

Julai na Agosti zina mtego wake. Hakuna mvua, kijito kinapungua, bwawa linashuka, na usiku wa kiangazi unapoza maji. Samaki wale wale sasa wako kwenye maji machache. Fuata kipimajoto, usifuate kalenda, na kama maji yameshuka chini ya sentimita 60, bora uvune wakubwa mapema kuliko kuwalisha mahali walipobanana.

Hatua ya 8: Daftari, na mkono wa anayelisha

Andika tarehe, joto, gramu za chakula, samaki waliokufa. Mwisho wa mwezi gawa kilo za chakula kwa kilo za samaki zilizoongezeka. Kwenye mfano wetu: umetoa gramu 450 kwa siku 26, yaani kilo 11.7. Wastani umepanda kutoka gramu 60 hadi 78, na kwa samaki 360 hiyo ni kilo 6.5 hivi. Umetumia kilo 1.8 za chakula kwa kila kilo ya samaki, na hiyo ni kazi nzuri, ukijani umekusaidia. Ikipita 3, ama unamwaga chakula ama samaki wamepungua bila wewe kujua. Zidisha namba hiyo kwa gharama ya kilo moja ya chakula, ulinganishe na bei ya kilo ya tilapia sokoni siku hiyo, ndipo utajua kama unafuga au unajifurahisha.

Kama unaishi mjini na bwawa liko Miti, fungasha posho ya kila siku kwenye mfuko wake kabla ya kuondoka, siku sita mifuko sita, imepimwa. Unga wa soya na sambaza unanenepesha kuku wa sentineli vizuri sana, na kumlaumu mtu uliyemwachia gunia wazi ni kujitafutia ugomvi. Wengine humwahidi kilo kadhaa za samaki siku ya mavuno, na mifuko inaisha kwa wakati.

Samaki watakaovuliwa au kusafirishwa hai wasile kwa saa 24 kabla. Tumbo likiwa tupu hawachafui maji ya ndoo njiani, na nyama haiharibiki haraka hadi kufika Kadutu. Ukivuna wakubwa tu na kuwaacha wadogo, pima upya siku ya pili yake na uanze na posho mpya. Ile ya jana ilikuwa ya kilo ambazo hazimo tena majini.